Mrejesho: nilirudia mbio bila rafiki yangu

Bandugu, asanti kwa wote mulinijibu. Kwa wale hawakuona, niliuliza kama niache mbio, juu rafiki yangu mwenye tulikuwa tunakimbia naye kila asubui hapa Goma alikufa na malaria, na kila nikifunga kamba za viatu naanza kulia.

Sikuacha. Yaya mmoja (dada mkubwa) hapa aliniambia nisiangalie saa, nitembee kwanza, basi wiki ya kwanza nilitembea tu, kutoka mtaa wa Himbi mpaka ku ziwa Kivu na kurudi, wakati bachukudu, wale wenye kusukuma baiskeli za mbao za mizigo, banaanza kushuka. Wiki ya pili nikakimbia polepole, ile mwendo unaweza kuongea bila kukatika pumzi, hata kama tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, lakini sasa mwenye kuongea naye hakuna, na hapo ndo ilikuwa ngumu kwangu kuliko mawe yenye volkano Nyiragongo ilimwaga 2002, na munajua vile yale mawe yanapinda kifundo cha mguu! Yeye alikuwaka anakimbia kushoto yangu, upande wa pikipiki zinapita. Mpaka leo naachaka nafasi yake.

Jumamosi ilopita nikafika Mugunga, njia ya Sake, pale tulikuwa tunageukia. Nilikaa chini, nikanywa maji, nikalia yote, kisha nikarudi.

Na mama yake, vile mulinishauri, nilienda kumuona. Alinipa viatu vya mwanae. Vinanibana kidogo, lakini kila Jumapili navivaa kuenda kumusalimia.