CHOO, DAKIKA 14. Ukutani. Mbele ya watu. Nimefika mwisho na huyu mtu!

Mpika_Ripoti:
Wazee, niko kwa matatu ya Rongai, Lang'ata Road haisongi, mikono bado inatetemeka. Wacha niandike kabla hasira haijapoa.

Yule bwana, bosi wetu, mnamjua. Msijifanye hammjui, kila ofisi ya Upper Hill ina wake. Alipelekwa semina Naivasha akarudi nabii. Tangu arudi hatufanyi kazi tena, tunafanya ufanisi. Kila robo saa sharti ujaze kwenye jedwali ulichokuwa unafanya. Kujaza kwenyewe kunakula muda, nikaongeza mstari: "kujaza jedwali". Akaufuta! Ati hiyo si kazi. Sasa ni nini bwana, ni starehe?

Leo Ijumaa, saa kumi na nusu, watu wameshashika mabegi, akaita mkutano. Ajenda: kupunguza mikutano. Wallahi siongezi chumvi. Tulikaa mpaka soja akaja kuzima taa, akatuangalia, akatuhurumia, akaenda zake. Ndipo bwana akawasha projekta. Nikaona jina langu, na mstari wa njano: CHOO, DAKIKA 14.

Kumi na nne! Kwa herufi ambazo mtu aliye juu ya KICC angesoma bila miwani! Kisha akanigeukia na sauti ya padri: "Ndugu yetu, tusaidie kuelewa." Kuelewa nini? Jamani, nimsaidie kuelewa nini? Mbele ya dada wa mapokezi. Mbele ya wanafunzi wa atachimenti, na mmoja wao akaandika kitu kwenye daftari. ALIANDIKA NINI?

Na yeye kila asubuhi anakuja kuegemea meza yangu na kikombe, ananisimulia ploti yake ya Kitengela mpaka chai inashika ngozi juu. Hiyo haina mstari. Haina rangi. Rangi ni ya choo changu tu.

Mtu asiniambie nitulie.

Bosi_wa_Kibanda:
Tulia.

Sukuma_na_Chapo:
Pole sana ndugu. Lakini kumi na nne kweli? Tusaidie kuelewa 😂😂

Mpika_Ripoti:
Lifti imekufa, choo chenye maji kiko ghorofa ya pili, sisi tuko ya saba. Hesabu ngazi mwenyewe!

Sukuma_na_Chapo:
Kumbe ni mazoezi. Angekuandikia "afya".

Mwalimu_Mstaafu:
Vijana, kazi ya kusimamia watu na saa mkononi haikuanzia Naivasha. Frederick Taylor, Mmarekani, alikuwa akiifanya kiwandani Philadelphia miaka ya 1880, na hata yeye alipima kazi ya chuma, hakupima choo. Halafu yuko Mwitaliano Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa mwanafunzi, masomo hayaendi, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akaitega. Ndiko kulikotoka mtindo huu wa dakika 25 kazi, dakika 5 kupumzika. Angalieni lakini: alijipima yeye mwenyewe. Hakumwekea jirani yake saa mlangoni.

Mama_Mboga_Umoja:
Mwalimu umetaja nyanya? Hapa kwetu tatu hamsini, na moja imeoza.

Usiku_wa_Manane:
Afadhali nyinyi, wenu analala. Sisi wetu yuko WhatsApp saa tano usiku: "Timu, wazo dogo tu." Halafu sauti ya dakika sita. Nikiisikiliza naona ameituma akiwa kitandani, mkewe anasikika anamwambia azime taa.

Asante_Wote:
Hamjaona kitu. Kwetu mtu alijibu barua pepe "asante" kwa matawi yote ya nchi. Watu wakamjibu "karibu". Wote. Halafu mwingine akawaandikia wote kuwaomba waache kuwaandikia wote. Asubuhi yote ikaisha hivyo, na mkubwa bado anauliza ripoti iko wapi.

Mpika_Ripoti:
Sawa, lakini turudi kwa mambo yangu. UKUTANI, wazee. Njano.

Bosi_wa_Kibanda:
Kumi na Nne, tumekusikia.

Mpika_Ripoti:
Usiniite hivyo.

Asante_Wote:
Kumi na Nne amekasirika 😂

Mzee_wa_Kreti:
@Mama_Mboga_Umoja unanunua kwa nani? Chukua za Loitokitok, ni ngumu, zinafika Marikiti bila kupondeka.

Mama_Mboga_Umoja:
Loitokitok ngozi nene, hazitoi mchuzi. Mimi ni za Mwea tu.

Mzee_wa_Kreti:
Za Mwea mvua ikinyesha ni hasara tupu, usidanganye watu.

Mpika_Ripoti:
Kwani hii ni soko?? Jumatatu nitaingiaje ofisini?

Usiku_wa_Manane:
Kwa ngazi.

Mama_Mboga_Umoja:
Mzee lete kreti moja ya hizo zako Jumapili, nizipikie tuone. Zikikosa mchuzi unarudi nazo.