Duka la ushirika la kazi za mikono: tununue kwa taslimu au tuendelee na mali kauli?

Katibu wa chama, Bagamoyo

Ndugu zangu, naomba ushauri. Chama chetu kina duka moja hapa Bagamoyo, na wanachama wake ni wachongaji, wachoraji, watengenezaji wa batiki na akina mama wanaosuka vikapu na mikeka ya ukindu. Tangu mwanzo tumepokea mali kauli: mwanachama analeta kazi na kupanga bei, duka linauza na kukata asilimia 20 kwa ajili ya pango, umeme na mlinzi, kisha kinachobaki anakabidhiwa mwenyewe. Sasa wasukaji wamechoka kusubiri, kwa sababu ukindu na rangi wananunua kwa taslimu, na walanguzi wanaopita majumbani huwapata kwa bei ya kutupa kabla kikapu hakijafika dukani. Wachongaji nao hawataki kusikia habari ya kuliuzia duka, kwani wanaona kinyago cha mpingo kilichochukua miezi ya kazi hakiwezi kupangiwa bei na kamati inayotazama fedha iliyomo kwenye sanduku. Je, chama kimoja kinaweza kuendesha taratibu mbili bila kuonekana kwamba kinapendelea upande mmoja?

Mhasibu mstaafu, Moshi

Kinaweza, Ndugu Katibu, ila nisingenunua moja kwa moja. Huku Kilimanjaro, ambako KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, iliundwa mwaka 1933, mkulima wa kahawa amezoea malipo ya awali anapokabidhi mzigo na malipo ya pili baada ya mauzo. Chukua kikapu cha shilingi 20,000: mpe msukaji 8,000 siku ya kukipokea, kikiuzwa duka likate 4,000 zake, na 8,000 zilizobaki ziwe malipo ya pili. Malipo ya awali yasizidi kiasi ambacho duka lingepata kama lingelazimika kukiuza kwa punguzo, kwa maana vyama vya mazao vilivyolipa awali kubwa kuliko bei ya soko vilibaki na madeni. Fedha ya mzunguko ikitokana na mkopo, mkutano mkuu uweke kwanza ukomo wa madeni na Mrajisi wa Vyama vya Ushirika auidhinishe. Ziada ya mwaka, baada ya kutenga akiba, igawanywe zaidi kwa kufuata mauzo ya kila mwanachama kupitia dukani, maana hisa peke yake haiuzi kikapu.

Mchoraji, Dar es Salaam

Hesabu ya mzee ni safi, lakini ina athari kwenye rafu. Mkitanguliza fedha kwa bidhaa inayotoka haraka, kila mtu atatengeneza hiyo hiyo. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake, alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake waliendelea pamoja hadi wakawa chama cha ushirika mwaka 1990, na hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo mtindo wake umeigwa kiasi kwamba mgeni hukuta chui na ndege wale wale kibanda baada ya kibanda, na mwisho hununua palipo na bei ya chini. Wekeni kamati ya kupokea kazi inayobadilika kwa zamu, mjumbe asipitishe kazi yake mwenyewe, na kila mwanachama awe na kikomo cha nafasi, viongozi wakiwemo. Nimeona maduka ambamo rafu inayotazamana na mlango ni ya mwenyekiti mwaka mzima.

Msukaji, Tanga

Kaka zangu, mnazungumzia asilimia 20 kana kwamba ni sawa kwa wote. Kikapu changu kinakaa rafuni wiki mbili, kinyago kinakaa mwaka, na mlinzi analipwa kila mwezi. Kazi iliyozidi miezi sita ilipiwe ada ndogo ya nafasi au mwenyewe aichukue. Halafu, kinachotupeleka kwa mlanguzi ni ukindu zaidi ya njaa ya siku moja. Chama kinunue ukindu na rangi kwa jumla, kimkopeshe mwanachama mzigo mmoja tu hadi alete vikapu vyake, kisha kikate deni kwenye mauzo. Kwa njia hiyo hata malipo ya awali yanaweza kuwa madogo kuliko alivyopendekeza mzee.

Katibu wa chama, Bagamoyo

Nawashukuru. Nitapeleka mkutanoni pendekezo la mkopo wa ukindu pamoja na malipo ya awali kwa wasukaji, na mali kauli yenye ada ya nafasi kwa wachongaji. Limebaki moja, mzee wangu: masika yakiingia vikapu huota ukungu. Kikiharibika baada ya awali kutolewa, hasara ni ya nani?

Mhasibu mstaafu, Moshi

Liandikeni kwenye masharti kabla ya kulipa hata shilingi moja. Kwa maoni yangu, aliyepokea ndiye mtunzaji: mwanachama harudishi awali, ila malipo ya pili hayapo, isipokuwa ithibitike kwamba paa la duka lilikuwa linavuja, na hapo alipwe yote.