Mume wangu kawa diwani, sasa natakiwa nifungue taasisi. Nifanyeje?

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu mume wangu achaguliwe diwani, saa kumi na mbili asubuhi kuna watu getini (tuseme mlangoni, geti hatuna). Huyu cheti cha dawa, yule sare ya mtoto, mwingine mchango wa msiba. Naitwa "mama wa kata", mshahara uleule.

Sasa mfanyabiashara mmoja kanijia: nisajili taasisi, yeye alete magodoro ya zahanati, mimi nikabidhi, picha zipigwe. Eti hata wake wa marais hufanya hivyo. Baba watoto anasema niamue mwenyewe. Kuna ubaya? Matusi hapana, naomba ushauri.

Mchumi wa Mtaani: Ana zabuni halmashauri huyo? Anza na hilo, magodoro baadaye.

Bibi Mkorosho: Mwanangu, usikatae kwa woga tu. Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote 1997, mama Salma Kikwete akaja na WAMA, taasisi ya Wanawake na Maendeleo, 2006. Mama Salma naye alikuwa mwalimu kama wewe, na WAMA ikajenga sekondari ya wasichana kule Nyamisati, Rufiji ya wakati huo (sasa Kibiti), wengi wao yatima. Hilo si la picha.

Mchumi wa Mtaani: Shikamoo bibi. Wale walikuwa Ikulu, wafadhili wakipanga foleni. Huyu dada mfadhili wake ni mmoja, na anajuana na mumewe.

Jirani wa Kisumu: Huku Kenya Mama Margaret Kenyatta alizindua Beyond Zero, kampeni ya afya ya mama na mtoto, Januari 2014, Aprili akakimbia marathoni ya London kuchangisha pesa za kliniki tamba, lengo kila kaunti kati ya zile 47 ipate yake. Kazi kubwa ile, sibishi. Lakini gari likishakabidhiwa, mafuta, dereva na muuguzi ni kila mwezi. Muulize mganga wenu kama kweli anakosa magodoro. Pengine shida yake ni maji.

Afisa Mstaafu: Mwalimu, diwani ni kiongozi wa umma kwa Sheria ya Maadili ya 1995. Fomu yake ya tamko inadai mali za mke pia. Taasisi nayo itadaiwa taarifa ya fedha kila mwaka. Utaandika nini, "magodoro ya rafiki"? Mwache ayapeleke mwenyewe kwa mganga mfawidhi, yaingie kwenye leja, kamati ya zahanati ishuhudie.

Wewe una chaki. Ile mikopo ya vikundi, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, vikundi vingi vinakwama kwenye katiba na andiko la mradi. Wafundishe Jumamosi, bure. Ila usijiunge na kikundi chochote, na usimpigie mumeo debe darasani.

Bibi Mkorosho: Hapo afisa kanizidi.

Mwanzisha uzi: Asanteni wote. Nilimwambia apeleke mwenyewe zahanati, akasema atafikiria. Leo siku ya nne, simu yangu hapokei. Jumamosi nimepata akina mama kumi na moja, watatu walikuja na daftari. Mlangoni asubuhi walikuwepo wanne.