Shangazi Anakuja Greenville

Neema: Shikamooni wakubwa. Shangazi anatua huku Greenville mwezi ujao. Nimpeleke kuona nini? Msiseme madukani, huko atakwenda hata nikimfungia mlango.

Shangazi Rehema: Marahaba. Nimesoma 😂

Baba Mdogo: Greenville ya South Carolina, ya viwanda vya nguo?

Neema: Hiyohiyo. Enzi zao walijiita kitovu cha nguo duniani. Sasa majengo mengine yamekuwa nyumba za kupanga, hata Brandon Mill alikofanya kazi Joe Jackson.

Juma: Wa besiboli! Shoeless Joe!

Neema: Eeh. Aliingizwa kiwandani bado mtoto mdogo, shule ikampita, kusoma hakujua. Viwanda vilikuwa na timu zao, ndiko alikotokea. 1908 viatu vipya vikamchubua, akacheza na soksi. Jina likamganda mpaka kaburini.

Baba Mdogo: Mwambie na ya 1919. Wachezaji wa timu yake ya Chicago waliuza fainali.

Juma: Ba'mdogo, 1921 mahakama iliwaachia!

Baba Mdogo: Na kesho yake wakafungiwa kucheza maisha. Dola 5,000 za hongo Joe alipokea au hakupokea?

Juma: Alipokea. Lakini kwenye fainali hiyohiyo alipiga vizuri kuliko karibu wote. Anayeuza mechi hachezi hivyo.

Baba Mdogo: Hela ni hela. Kupiga vizuri hakuifuti.

Juma: Mei 2025 wamemwondoa kwenye orodha ya waliofungiwa.

Baba Mdogo: Amekufa 1951. Atapangwa winga ipi?

Mwanaidi: 😂😂😂

Shangazi Rehema: Ngojeni kwanza. Huyo Joe mzungu?

Neema: Mzungu, Shangazi.

Shangazi Rehema: Na watu weusi? Pamba wanalima wao, kiwandani hawamo?

Neema: Kwenye mashine, hapana. Sheria ya jimbo ya 1915 ilikataza weusi na weupe kufanya kazi chumba kimoja kwenye viwanda vya nguo. Hata ndoo ya maji ya kunywa isiwe moja. Weusi walibaki kufagia na kubeba marobota. Mpaka miaka ya 1960 ndipo milango ikaanza kufunguka kweli.

Shangazi Rehema: Ndoo ya maji!! Basi nipeleke kwa watu wangu.

Neema: Mji wa Fountain Inn ni jirani hapa. Kuna sanamu ya Clayton Bates, wanamwita Peg Leg. Ana miaka 12, kinu cha pamba kikamsaga mguu. Mjomba wake akamchongea mguu wa mti.

Mwanaidi: Masikini. Akaishia wapi?

Neema: Jukwaani! Akawa mcheza dansi wa kutajika. Kipindi cha Ed Sullivan kwenye televisheni alitokea zaidi ya mara 20. Mguu wa mti ndio uliokuwa ngoma yenyewe.

Shangazi Rehema: Huyo namtaka. Weka wa kwanza.

Mwanaidi: Jesse Jackson, mpigania haki za weusi, mmemsahau? Si mzaliwa wa hapo, 1941?

Neema: Nilikuwa namfikia. Julai 1960 alikuwa mwanafunzi yuko likizo, akaingia na wenzake saba maktaba ya wazungu, wakakaa kusoma. Wote wanane wakakamatwa. Wakubwa wa mji wakaona bora kufunga maktaba zote mbili, ya weupe na ya weusi. Septemba ya mwaka huohuo wakazifungua, safari hii kwa watu wote.

Baba Mdogo: Hapo sina ubishi.

Juma: Ajabu! 😂 Na yule wa Nobel?

Neema: Charles Townes, fizikia 1964. Kazi yake ndiyo iliyoleta leza. Ana sanamu katikati ya mji, amekaa kwenye benchi. Ila ni mtoto wa wakili, vumbi la pamba hakulila.

Shangazi Rehema: Huyo tutampigia picha tukipita. Fountain Inn ni mbali? Magoti yangu unayajua.

Neema: Kwa gari si mbali, Shangazi.

Baba Mdogo: Na kwa Joe msiende.

Shangazi Rehema: Nitakwenda, nikamuulize kuhusu hizo dola 5,000.