Mlio wa masikioni usiokoma: ni wangapi wanao, na wanaishije nao?

Fundi_UngaLtd
Wanajukwaa, habari za jioni. Ninachomelea na kukata vyuma hapa Unga Limited, Arusha. Tangu mwaka jana masikio yangu yote mawili yanalia kama nyenje. Mchana, kelele za karakana hunisahaulisha, lakini usiku nyumba ikishatulia mlio hupanda hadi usingizi ukakatika. Mke wangu hasikii chochote, nami nimeanza kuogopa kwamba akili yangu ina kasoro. Je, wapo wengine wenye hali hii?

Muuguzi_Moshi
Pole sana, ndugu yangu. Akili yako ni timamu, na wenzako ni wengi mno: uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2022, ulikadiria kwamba asilimia 14 hivi ya watu wazima duniani, yaani zaidi ya watu milioni 740, wana mlio huo, ingawa wanaosumbuliwa vikali ni kama asilimia 2 tu. Mara nyingi seli laini za sikio la ndani zimechakaa kwa kelele au umri, na inaaminika kuwa ubongo, ukikosa sauti uliyozoea kuipokea, hujiongezea usikivu hadi ukasikia kisichokuwepo. Kwinini, jentamaisini na aspirini ya dozi kubwa nazo huweza kuuleta, kwa hiyo mtajie daktari kila dawa uliyotumia. Huenda pia ni nta tu, lakini tafadhali usiichokoe kwa njiti ya kiberiti.

Mzee_Mererani
Mwanangu, mimi nilichoronga miamba migodini, na mlio ninao hadi leo. Kilichoniumiza zaidi ni hasira: nililala vibaya, nikaamka mkali kwa watoto, kisha nikaacha kuhudhuria vikao vya ukoo kwa sababu watu wakizungumza kwa pamoja sikuambulia neno. Redio ya sauti ya chini kando ya kitanda ilinisaidia kuliko dawa zote nilizouziwa mtaani.

Muuguzi_Moshi
Mzee amenena. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuufuta mlio, na anayekuuzia anakuibia. Tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo ndiyo yenye ushahidi bora wa kupunguza mateso yake, na kwa aliyepungukiwa usikivu, kifaa cha kusaidia kusikia huleta nafuu. Mlio ukiwa wa sikio moja tu, au ukidunda sambamba na mapigo ya moyo, muone daktari wa masikio mapema. Usikivu ukipotea ghafla, nenda siku hiyohiyo.

Fundi_UngaLtd
Asanteni sana, nitakwenda kupimwa. Je, niache kazi?

Muuguzi_Moshi
Hapana, ila kinga masikio. Kikomo cha kelele kinachotumika ni desibeli 85 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda hupungua kwa nusu; grainda ikifika 100, dakika 15 zinatosha kuumaliza muda wako wa siku nzima. Pamba haitoshi. Tafuta vikinga vya kufunika sikio zima, na kijana anayekushikia chuma naye avae.