MJADALA: Mikataba ya mikopo ya nje ipelekwe bungeni, au ibaki mikononi mwa Waziri wa Fedha?

Wakuu, naweka hoja mezani na naomba tuijadili kwa ushahidi.

Kila deni la Taifa likitajwa, mazungumzo yetu hapa Mbeya yanaishia palepale: mmoja anasema Wachina watatumeza, mwingine anasema Wazungu wametunyonya vya kutosha. Msimamo wangu ni kwamba tunabishania jambo lisilo kiini. Mkopeshaji yeyote ana maslahi yake. Hatari inaanzia pale mwananchi anapofungwa kwa mkataba ambao hajauona. Nataka mkataba wa kila mkopo mkubwa wa nje ulazwe bungeni, pamoja na viambatisho vyake, kabla haujaanza kutumika.

Nyanda hizi za Juu Kusini zimewahi kukopeshwa na kusaidiwa na kila upande. Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia Novemba 1965, njia ya kusini ya shaba ya Zambia iliingia mashakani, na ndani ya miaka kumi hivi tukapata mambo matatu. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710, lilijengwa na Waitaliano na kukamilika 1968. Barabara kuu ya kwenda Zambia iliwekwa lami kwa fedha zilizotoka, miongoni mwa wengine, Marekani na Benki ya Dunia. Reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, ambayo Benki ya Dunia ilisema hailipi, ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Wakubwa wa dunia walikuwa wakitishana, sisi tukachukua kwa wote.

Lakini Mwalimu alijua bei yake na aliisema hadharani. Desemba 1965 alipovunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7.5 ulizuiwa, na nchi nzima ilijua tumepoteza nini na kwa ajili gani. Kutofungamana na upande wowote kulisimama juu ya hilo.

Sasa tuvuke mpaka pale Tunduma. Zambia iliuza hati fungani za dola (yaani ilikopa kwa wawekezaji wa nje) mara tatu: milioni 750 mwaka 2012, bilioni 1 mwaka 2014 na bilioni 1.25 mwaka 2015. Wakati huohuo ikawa inakopa China kwa ajili ya barabara, viwanja vya ndege na umeme. Mwaka 2020 hali ikabana. Serikali ikawaomba wenye hati fungani waipe muda, wakakataa, na moja ya sababu zao ilikuwa kwamba hawaoni wazi Wachina wanadai nini na watalipwaje. Novemba mwaka huo Zambia ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Hapo ndipo nawaomba wote wanaosema "tatizo ni Mchina" na wanaosema "tatizo ni Mzungu" wasome tena. Mkopo wa upande mmoja ulifichwa, wa upande mwingine ukakosa subira kwa sababu ya siri hiyo, na aliyeumia ni Mzambia.

Baada ya Rais Hichilema kuingia madarakani Agosti 2021, serikali yake ilitangaza deni la jumla ya karibu dola bilioni 27, deni la ndani likiwemo, kubwa kuliko watu walivyokuwa wakiambiwa. Kamati ya nchi zinazodai ikaongozwa kwa pamoja na China na Ufaransa. Makubaliano ya kupanga upya deni la dola bilioni 6.3 yalipatikana Juni 2023, na zaidi ya bilioni 4 kati ya hizo zinadaiwa na benki moja tu, Exim ya China. Na wenye hati fungani, Zambia ikamalizana nao 2024. Kwacha nayo, fedha ya Zambia, iliyoanza mwaka 2020 ikiwa 14 hivi kwa dola, ilimaliza mwaka imepita 21. Mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja Tunduma na kwacha zilezile alirudi na mzigo mdogo. Hasara ya deni la jirani tuliilipa sisi pia.

Kuna watakaosema deni letu ni himilivu. Nakubali. Hotuba ya bajeti ya Juni 2025 ilitaja deni la Serikali kuwa shilingi trilioni 107.7 hadi Machi mwaka huo, na vipimo vya Wizara vinaonyesha tuko chini ya ukomo. Ila uhimilivu unapima kama tunaweza kulipa. Hausemi tumeweka nini rehani, kesi itasikilizwa nchi gani, wala tumekatazwa kumwambia nani. Spika Ndugai alipohoji mikopo mwishoni mwa 2021 na kuonya kuhusu nchi kupigwa mnada, siku chache baadaye alijiuzulu, na hoja yenyewe ikafa bila kujibiwa. Hilo linaniuma hadi leo, hata kama sikubaliani na kila alichosema.

Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali. Bunge linapitisha bajeti yenye jumla ya mikopo. Mkataba mmoja mmoja hauji mbele yake. Kwenye maliasili, sheria ya 2017 kuhusu masharti hasi (yanayoumiza nchi) inaruhusu Bunge kupitia mikataba na kuagiza yajadiliwe upya. Kwa hiyo chuma cha Liganga, kule Njombe, kina ulinzi ambao kodi yako haina. Kwa nini?

Anayesema uwazi utawakimbiza wakopeshaji akumbuke mkataba wa bandari na Dubai. Ulipelekwa bungeni Juni 2023, watu wakausoma kifungu kwa kifungu, kesi ikafunguliwa hapahapa Mahakama Kuu Mbeya na ikatupwa Agosti 10. Waliopinga walishindwa mahakamani, lakini moja ya lawama zao kubwa ilikuwa mkataba kukosa ukomo wa muda. Oktoba, mikataba ya uendeshaji iliposainiwa, ikataja miaka 30. Mwekezaji hakukimbia. Na siombi majadiliano yarushwe mubashara: wazungumze faragha, wakimaliza watuonyeshe.

Jaribio liko mlangoni. Septemba 2025 kampuni ya China, CCECC, ilisaini mkataba wa miaka 30 wa kufufua na kuendesha TAZARA kwa dola bilioni 1.4. Wataita uwekezaji, si mkopo, na naitaka sana reli hiyo, maana mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000 huku malori yakipanga foleni Tunduma. Lakini Marekani na Ulaya wanaweka fedha kwenye reli ya Lobito, ipeleke shaba ileile Bahari ya Atlantiki kupitia Angola. Wabunge wetu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa waanze na swali hili: shehena ikihamia Lobito, mkataba unasema hasara ni ya nani?

Karibuni, hasa mnaopinga.