Haipoekoiki, anekoiki… natofautishaje kwenye ripoti ya ultrasaundi?

Mwanagenzi_Kondele: Hamjambo wadau. Niko mafunzoni kwenye chumba cha ultrasaundi hapa Kisumu. Ripoti zangu zinarudishwa kwa sababu naandika "doa jeusi" au "ini jeupe". Maneno haipoekoiki, haipaekoiki, aisoekoiki na anekoiki nimeyakariri, ila mbele ya mashine sioni mpaka uko wapi. Mathalani doa la sm 2 ndani ya ini, la kijivu kilichokolea kuliko ini lenyewe: naliitaje?

Proba_ya_Ziwa: Kwanza sikio lisikutege. "Haipo" hiyo si "haipo" yetu! Haipoekoiki maana yake mwangwi upo, ila ni hafifu kuliko wa tishu jirani. Pasipo na mwangwi kabisa ndipo anekoiki: mkojo, nyongo, maji ya sisti (kifuko chenye maji). Haipaekoiki inang'aa kuliko jirani. Aisoekoiki inalingana naye, na ndiyo inayoponyoka macho. Mara nyingi utaishtukia kwa kuwa imesukuma mshipa au imevimbisha ukingo wa ini.

Doa lako ni haipoekoiki, lakini taja unalinganisha na nini: "doa haipoekoiki kuliko tishu ya ini inayolizunguka, sm 2.0 kwa 1.8, kingo zinaonekana wazi".

Kwa mtu mzima mwenye afya, mpangilio wa kawaida kuanzia kinachong'aa zaidi: mafuta ya katikati ya figo, kongosho, wengu, ini, gamba la figo (tabaka lake la nje), piramidi za figo (zilizo ndani ya gamba). Ini na gamba la figo huweza kulingana. Ini likiling'aria gamba hilo kwa mbali, fikiria mafuta ndani ya ini, kisha tazama kama kuta za mishipa ya potali (inayoleta damu ya utumbo kwenye ini) na kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo) bado vinaonekana.

Sonografa_Nakuru: Sawa, ila linganisha ndani ya picha moja na kwa kina kimoja. Ini la kina cha sm 4 na figo ya sm 12 hazilinganishiki, hapo unapima mipangilio ya mashine tu. Geini (ukuzaji wa mwangwi unaorudi) ikizidi, sisti hujaa vumbi ikafanana na nyama. Ikipungua mno, nyama hufanana na maji. Chukua proba (kifaa kinachowekwa mwilini) ya mbinuko, megahezi 3.5, shusha geini mpaka mkojo kibofuni uwe mweusi tii, halafu rekebisha vitelezi vya TGC (geini ya kila kina) mpaka ini liwe na kijivu kimoja juu hadi chini.

Weusi peke yake usiuamini. Sisti ya kawaida ina ukuta mwembamba, na tishu iliyo nyuma yake hung'aa zaidi kwa kuwa maji hayakuyadhoofisha mawimbi. Kisha weka dopla (inayoonyesha mtiririko wa damu), isije ikawa ni mshipa.

Mwanagenzi_Kondele: Asanteni. Na "densiti" naweza kuandika?

Sonografa_Nakuru: Hapana, hilo ni la CT. La MRI ni "intensiti".

Proba_ya_Ziwa: Na kwa kuwa uko kando ya ziwa: kichocho cha muda mrefu hunenepesha kuta za mishipa ya potali zikang'aa. Usiandike "ini haipaekoiki", maana tishu iliyo kati ya mishipa huenda ni ya kawaida kabisa. Kinachong'aa ni kuta, taja kuta.

Mwanagenzi_Kondele: Jiwe la nyongo je?

Proba_ya_Ziwa: Haipaekoiki, na nyuma yake kivuli cheusi. Mgonjwa awe amefunga kula kwa muda wa saa 6 au zaidi, la sivyo kifuko cha nyongo kitakuwa kimesinyaa. Mlaze ubavu wa kushoto: jiwe kwa kawaida hubingirika, polipu (kinyama kilichoota ukutani) hubaki palepale. Jiwe dogo mno halitoi kivuli kila mara, hivyo sogeza fokasi (sehemu ambapo mawimbi hukusanyika) kwenye kina chake.